Kompyuta ya mfukoni na deni lake kwa vijiji vya Ruvuma

Mvua zikishakatika na mahindi yakaanza kukauka mashambani, barabara za vijiji vinavyoizunguka Songea hupitika tena, na wadadisi huanza kuingia. Mmoja anauliza kaya ina watu wangapi na wangapi kati yao wanasoma. Mwingine analizunguka shamba akiwa ameshika simu ili apate ukubwa wake. Mwingine anaomba aone chandarua kilivyotundikwa. Zamani watu wa kazi hiyo walitembea na mabunda ya madodoso ya karatasi, yakalowa, yakachanika, mengine yakapotea kabla ya kufika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Sasa dodoso zima limo ndani ya simu. Mdadisi akikosea akaandika kwamba mama wa miaka 24 ana mtoto wa miaka 19, simu inagoma kuendelea mpaka arekebishe. Jioni akifika Namtumbo au Mbinga mjini, mtandao ukikamata, majibu ya siku nzima yanatumwa kwa mkupuo.

Tumeizoea kazi hiyo kiasi cha kutojiuliza ilitoka wapi. Ina historia, ina watu walioianzisha, na baadhi ya hatua zake kubwa zilipigwa huku huku kusini mwa Tanzania. Historia hiyo inatupa pia kipimo cha kuitathmini. Kompyuta ya mkononi inapofika kijijini huwa inachukua kitu: muda wa watu, majibu yao, picha za mashamba yao. Thamani yake kwa wanakijiji inategemea inawarudishia nini, na inawarudishia lini.

Ndoto iliyozaliwa ndani ya jengo

Mwaka 1988, Mark Weiser, mwanasayansi wa kompyuta katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko Palo Alto, California, alianza kueleza fikra ambayo baadaye ilikua ikawa tawi zima la sayansi. Wakati huo kompyuta ilikuwa sanduku la mezani, na mtu alilazimika kuacha shughuli zake ili akae mbele yake. Weiser aliiona siku ambayo kompyuta ndogo ndogo zingesambaa katika mazingira ya mtu, zikamsaidia kazi zake bila kumtaka azifikirie. Makala yake katika jarida la Scientific American, toleo la Septemba 1991, iliisambaza fikra hiyo duniani. Yeye na wenzake walitengeneza vifaa vya saizi tatu: cha kutosha kiganjani, cha ukubwa wa daftari, na ubao wa ukutani. Leo tunavijua vyote vitatu kwa majina ya simu janja, kishikwambi na skrini kubwa. Weiser alifariki mwaka 1999, kabla simu janja hazijaenea.

Vifaa vyake, hata hivyo, viliishi ndani ya jengo. Kile cha kiganjani kiliwasiliana kwa miale ya infraredi na vipokezi vilivyofungwa darini, chumba baada ya chumba. Umeme ulikuwepo saa zote, na mafundi walikuwa jirani.

Songea haikuwa na neema hizo. Mji huu uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo ulitegemea kwa sehemu kubwa majenereta ya dizeli, na baadaye yakasaidiwa na maporomoko ya Tulila kwenye Mto Ruvuma, ambako masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa kufua umeme wa maji. Huko Umatengo, wakulima wanakolima kwa ngoro (mashimo ya kuzuia mmomonyoko) kwenye miteremko mikali, mtu anaweza kuzungumza na simu vizuri akiwa kileleni na akapotea hewani akishuka bondeni. Hali ni hiyo hiyo katika vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Nyasa na katika mashamba ya ndani ya Tunduru. Sayansi iliyoahidi kompyuta mahali pote ilikuwa bado inadaiwa jibu kuhusu mahali kama hapa.

Profesa wa Seattle

Gaetano Borriello alilichukua deni hilo kwa uzito. Alikuwa profesa wa sayansi na uhandisi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na mtafiti wa fani ileile ya Weiser. Mwaka 2001 akawa mkurugenzi mwanzilishi wa maabara ya utafiti ya Intel mjini humo. Mradi mmoja uliotoka katika maabara hiyo, Place Lab, ulikiwezesha kifaa cha mkononi kutambua kilipo kwa kusikiliza mawimbi ya vituo vya Wi-Fi vilivyo jirani. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa kazi ya mjini, kwa sababu iliwahitaji majirani wenye Wi-Fi.

Katika miaka iliyofuata Borriello na wanafunzi wake walielekeza nguvu zao kwa watu wanaofanya kazi muhimu wakiwa na vifaa vichache: wahudumu wa afya, maofisa wa misitu, wadadisi. Mwaka 2008, akiwa katika likizo ya utafiti kwenye kampuni ya Google, alianza pamoja na wanafunzi wake mradi wa Open Data Kit, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha ODK. Simu za kwanza za Android zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia sokoni. Carl Hartung, Yaw Anokwa na Waylon Brunette walikuwa miongoni mwa waliouandika mfumo huo. Ulitolewa bure, na msimbo wake ukaachwa wazi ili yeyote auchukue na kuurekebisha. Mojawapo ya kazi zake za mwanzo kabisa ilifanyika Afrika Mashariki, magharibi mwa Kenya, ambako wahudumu wa mpango wa afya wa AMPATH wenye makao yake Eldoret walipita nyumba kwa nyumba wakitoa ushauri nasaha na kupima Virusi vya Ukimwi.

Ubora wa ODK uko katika jinsi ilivyokubali hali halisi. Fomu inapakiwa asubuhi mahali penye mtandao. Baada ya hapo simu inaweza kukaa siku nzima, hata wiki, bila mtandao wowote. Majibu, picha na namba zilizosomwa kwenye vifungashio hukaa ndani ya simu yenyewe. Mahali shamba lilipo hupatikana kwa GPS, ambayo hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti na haihitaji bando wala mnara. Maswali yasiyomhusu mhojiwa hurukwa yenyewe. Mtandao ukipatikana, kila kitu kinatumwa, na kisipofika hakifutiki. Mifumo mingine inayotumiwa sana na wadadisi wa Tanzania, ukiwemo KoboToolbox, ilijengwa juu ya msingi huo huo.

Borriello alifariki Februari 2015. Kazi yake inaendelea kila mdadisi anapobonyeza kitufe cha kutuma.

Zahanati ya Mtwara

Kabla ODK haijazaliwa, mwanafunzi mwingine wa Borriello, Brian DeRenzi, alikuja kusini mwa Tanzania na swali kuhusu watoto wagonjwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwa wameandaa mwongozo wa kuwahudumia watoto wa chini ya miaka mitano, na Tanzania ikaufanya kuwa sera yake. Mwongozo huo ni mzuri na mrefu. Tabibu anatakiwa aulize kama mtoto anaweza kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Anatakiwa ahesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa kati ya miezi miwili na mwaka mmoja akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hiyo ni dalili ya homa ya mapafu. Kisha yanafuata maswali ya kuhara, homa, masikio, lishe na chanjo.

Yote hayo yako kwenye kitabu cha chati. Zahanati ikiwa na foleni hadi nje, kitabu hubaki mezani, na tabibu hutegemea kumbukumbu na uzoefu. DeRenzi na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, waliuingiza mwongozo huo kwenye kompyuta ndogo ya kiganjani na kuujaribu katika zahanati mkoani Mtwara. Kifaa kiliuliza swali moja moja, kikasubiri jibu, kikaelekeza hatua inayofuata, mwishoni kikapendekeza matibabu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika utaratibu wa kawaida matabibu walifanya asilimia 61 ya uchunguzi unaotakiwa na mwongozo. Wakiwa na kifaa walifikia karibu asilimia 85, na muda wa kumhudumia mtoto ulikuwa karibu uleule.

Utafiti ule ulikuwa mdogo, na watafiti wenyewe waliuita wa awali. Ninaupa uzito mkubwa kwa sababu ya mpangilio wake. Mama alileta mtoto, kifaa kikapokea taarifa za mtoto huyo, na faida yake ikamfikia mtoto yuleyule kabla hajatoka chumbani. Hakukuwa na ripoti ya kusubiri. Mtafiti alipata takwimu zake kama matunda ya pembeni ya huduma iliyotolewa vizuri zaidi.

Ujumbe wa Alhamisi

Kurudisha jibu hakuhitaji simu ya bei kubwa. Mwaka 2009 Wizara ya Afya na washirika wa kimataifa wa vita dhidi ya malaria walianza majaribio ya mpango ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya kutolea huduma 129 vilihusika, na simu za kitochi zilitosha. Kila Alhamisi mfumo ulituma ujumbe kwa mhudumu wa kituo ukimuuliza amebakiwa na dozi ngapi za dawa mseto za malaria na kwinini ya sindano. Mhudumu alijibu bila gharama, na aliyejibu kwa wakati aliongezewa muda wa maongezi. Mganga mkuu wa wilaya aliona nani ana akiba na nani ameishiwa, akaagiza dawa zihamishwe kutoka kituo kimoja kwenda kingine.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 26. Mhudumu aliyetuma namba nne au tano kwa kidole gumba aliona sababu ya kuzituma, kwa kuwa dawa zilikuja. Mtu wa namna hiyo haombwi tena kutoa taarifa sahihi. Anazitoa kwa kuwa zinamfaa.

DeRenzi aliendelea na kazi Tanzania na akagundua jambo jingine linalostahili kukumbukwa na kila anayependa teknolojia. Yeye na wenzake waliwatumia wahudumu wa afya wa jamii ujumbe wa kuwakumbusha kutembelea kaya zilizopangwa. Mhudumu asipokwenda baada ya kukumbushwa mara kadhaa, msimamizi wake alijulishwa. Wastani wa siku za kuchelewa ukashuka kutoka 9.7 hadi 1.4. Kisha watafiti wakaondoa sehemu ya msimamizi, wakabakiza ujumbe peke yake, na utendaji ukashuka. Simu ilifanya kazi kwa sababu nyuma yake alikuwepo mtu anayejali kama kaya imetembelewa. Anayetaka kununua vifaa na kupunguza watu anapaswa kuyasoma matokeo hayo mara mbili.

Jani la muhogo mbele ya kamera

Kwa mkoa wa wakulima kama Ruvuma, hatua inayosisimua zaidi iko shambani. Magonjwa mawili ya virusi, batobato na michirizi ya kahawia, yamewaumiza wakulima wa muhogo wa ukanda huu kwa muda mrefu. Michirizi ya kahawia ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, milima ya Usambara. Ubaya wake ni kwamba shina na majani vinaweza kuonekana na nafuu, mkulima akachimba na kukuta mizizi imeoza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, chini ya mradi wa PlantVillage unaoongozwa na David Hughes, walishirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA kutengeneza programu ya simu iitwayo Nuru. Picha za kuifundishia zilipigwa kwenye mashamba ya Tanzania. Mafunzo yenyewe hufanywa kwenye kompyuta zenye nguvu, ambako mfumo unaonyeshwa maelfu ya majani mpaka unajifunza kutofautisha jani lenye afya na lililoshambuliwa na virusi au utitiri. Kisha kilichofunzwa kinapunguzwa ukubwa hadi kutosha kwenye simu ya kawaida ya Android. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani na simu inampa jibu hapo hapo, bila mtandao. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliungana na watafiti hao ili Nuru iwatambue pia viwavijeshi vamizi, ambao walikuwa wameingia Tanzania mwaka 2017 na kuyavamia mahindi.

Nuru ilipimwa kwa haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukiongozwa na Latifa Mrisho, uliilinganisha na binadamu katika kutambua dalili za magonjwa ya muhogo. Programu ilipatia asilimia 65. Maofisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Ilipoangalia majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, ilifikia kati ya asilimia 74 na 88. Namba hizo zinatuambia mambo mawili kwa pamoja. Kifaa kinaweza kumsaidia hata mtaalamu, na bado kinakosea mara nyingi kiasi kwamba hakimwondolei mkulima wajibu wa kuangalia vizuri na ofisa ugani wajibu wa kufika.

Watanzania hawakubaki kupokea. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, mwanasayansi wa kompyuta Neema Mduma na mwenzake Hudson Laizer walikusanya picha zaidi ya 18,000 za majani ya mahindi ya Tanzania, yenye afya na yenye magonjwa ya virusi, wakaziweka wazi kwa watafiti wote. Dina Machuve, aliyekuwa katika taasisi hiyo hiyo, aliongoza kazi ya kutambua magonjwa ya kuku kwa picha za kinyesi chao, zilizopigwa na kukusanywa kwa ODK mikoani Arusha na Kilimanjaro. Mahindi na kuku vinajulikana vizuri katika kila kijiji cha Ruvuma. Utafiti wa aina hiyo unahitaji pia majani ya Madaba na mabanda ya Peramiho, maana mfumo uliofundishwa kwa picha za sehemu moja unaweza kuyumba ukipelekwa penye mbegu, mwanga na magonjwa tofauti.

Ruvuma idai nini

Mkoa huu unalisha wengine. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yaliyopo Songea hupokea mahindi yetu kila msimu. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 35.6 ya watoto wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Namba hiyo inauma, na ilipatikana kwa sababu akina mama walifungua milango, wakajibu maswali, wakakubali watoto wao wapimwe urefu na uzito, na wadadisi wakayaingiza majibu kwenye vishikwambi. Mama huyo ana haki ya kujua kipimo kilisema nini kuhusu mwanawe, na afanye nini na chakula alichonacho ndani. Kishikwambi kinachoweza kukokotoa kiwango cha udumavu kinaweza pia kumwambia hayo kwa Kiswahili kabla mdadisi hajaaga.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinachukuliwa kwa kusudi gani na kuomba kuziona. Serikali ya kijiji haihitaji kuwa na mtaalamu wa kompyuta ili kuisimamia haki hiyo. Inahitaji kuuliza maswali matatu kabla mdadisi hajaanza kazi. Je, kifaa hiki kinafanya kazi pale mtandao unapokata? Je, kinazungumza Kiswahili, na jibu lake linaweza kumfikia mwenye kitochi? Na kaya iliyojibu itabaki na nini mkononi leo, na nini baada ya miezi mitatu?

Maswali hayo yaanzie kwenye vibali vya halmashauri za Songea, Mbinga, Nyasa, Namtumbo, Tunduru na Madaba. Yaende hadi kwenye vyama vya msingi, ambako mazao kama ufuta, mbaazi na korosho yanauzwa kwa minada ya mtandaoni: mkulima aliyeandikishwa kwenye mfumo apate taarifa za bei ya mnada na malipo yake kwa ujumbe, kwa lugha anayoielewa, mapema kama mnunuzi anavyozipata. Yawafikie vijana wetu wanaosomea kompyuta Dodoma, Dar es Salaam na Arusha, ambao miradi yao ya mwisho inaweza kuanzia kwenye zahanati ya kijijini kwao na kuwanufaisha waliowasomesha.

Watafiti wa Mtwara walikaa zahanati wakamtazama tabibu anavyofanya kazi kabla ya kuandika programu yao, na ndiyo maana walipata kifaa kilichomrudishia mtoto kitu. Kijiji kikizoea kuuliza "sisi tutapata jibu gani, na lini?", watafiti wengi zaidi watalazimika kuanza walipoanzia wale, na wadadisi wa msimu ujao wataingia Ruvuma wakiwa na jibu tayari ndani ya simu zao.